Istilahi za Jiujitsu ya Kibrazili na za Mazoezi Yake

Miongoni mwa miswada iliyoletwa mezani petu ili ikaguliwe lugha, ulikuwamo mwongozo mmoja wa kufundishia jiujitsu ya Kibrazili, uliofasiriwa kutoka Kiingereza. Mfasiri wake ni mtu mwenye Kiswahili safi, na katika kurasa zote hatukumwona akiteleza katika upatanisho wa kisarufi. Hata hivyo, tulipofika ukurasa wa nne tulikutana na sentensi hii: "Mlinzi akiwa amefungwa, mpinzani anyongwe mpaka agonge, kisha wote wawili wasimame." Tuliisoma mara tatu. Mlinzi huyo ni nani, amefungwa kwa kosa gani, na aliyekwisha kunyongwa atasimamaje?

Tulipoirejea matini ya asili tukaona kwamba hakuna mlinzi wala mfungwa. Kilichosemwa ni kwamba mtu aliyelala chali, akiwa amemzungushia mwenzake miguu kiunoni na kuifunga kwa nyuma, ambane shingo mpaka mwenzake atoe ishara ya kukubali kushindwa, na hapo waache mara moja. Sentensi ya mfasiri haina kosa la sarufi. Ina makosa manne ya istilahi, na mawili kati yake yanaweza kumpeleka mtu hospitalini. Kwa kuwa walimu wa michezo, wafasiri na maofisa wa utamaduni huenda wakaletewa kazi kama hii, tumeona yafaa tuzieleze dhana zenyewe na kupendekeza maneno. Mapendekezo haya si uamuzi. Ni hoja zinazowekwa mbele ya wasomaji ili zijadiliwe.

Kwanza jina la mchezo, kwa kuwa limesafiri sana. Asili yake ni Kijapani, na limeundwa kwa maneno mawili: la kwanza lina maana ya ulaini, au tabia ya kuipisha nguvu badala ya kushindana nayo, na la pili lina maana ya ufundi. Mwaka 1882 Jigoro Kano alianzisha mjini Tokyo shule ya Kodokan, akauchuja ufundi huo wa kale na kuuita judo. Mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na baadaye akafanya makao katika mji wa Belém. Huko kijana Carlos Gracie alipata mafunzo yake, na Carlos pamoja na nduguze, ambaye mashuhuri zaidi kati yao ni Hélio, wakauendeleza mchezo huo Rio de Janeiro. Judo ilishikilia zaidi ufundi wa kumwangusha mtu. Wabrazili wao wakakazania yale yanayofuata baada ya watu kuanguka, lakini wakabaki na jina la zamani kwa tahajia ya Kireno.

Wako waliotushauri tuseme "mieleka ya Kibrazili." Hatukubaliani nao, na sababu yetu ni ya maana wala si ya fahari. Katika mieleka tuliyoikuta utotoni, anayepigwa mweleka akalala chali amekwisha kushindwa, na watazamaji huanza kutawanyika. Katika jiujitsu, kulala chali ndiko kazi inakoanzia, na mara nyingi aliye chini ndiye mwenye hatari zaidi. Neno ambalo maana yake ya msingi ni kuangushwa haliwezi kubeba mchezo ambao kuangushwa hakumalizi kitu. Kwa hiyo tunapendekeza "jiujitsu ya Kibrazili," neno moja lisilo na kistari, katika ngeli ya I-ZI, kama tulivyokwisha kuzoea kusema judo na karate.

Ofisa wa istilahi anayekaa mezani hawezi kulitaja jambo asiloliona. Tuliuomba ukumbi mmoja wa mazoezi utupokee, tukaingia na daftari. Baada ya juma moja tuliambiwa, kwa adabu, kwamba daftari halitatufaa kitu, na kwamba kama tunataka kujua tofauti ya mshiko na mshiko basi tuvae vazi tuingie mkekani. Tulifanya hivyo, jioni tatu kwa juma, kwa muda wa miezi saba. Mengi ya yanayofuata tuliyajua huko, na moja tulilijua kwa maumivu.

Hilo moja ni neno "simama." Mwenzetu alikuwa ameushika mkono wetu baina ya mapaja yake, kisugudi kikiwa kimenyooshwa mpaka mwisho wa uwezo wake. Mwalimu alipoona hatari akapaza sauti: "Simama!" Yeye alikusudia tuache. Sisi, tuliokuwa chini, tulisikia amri ya kuinuka, tukainuka. Na uzito wote wa miili miwili ukaangukia kisugudi kimoja. Kwa majuma matatu hatukuweza kuandika ubaoni. Mwalimu yule hakutumia neno lisilo la Kiswahili, wala sisi hatukulisikia vibaya. Kitenzi "simama" kina maana mbili zilizo sawa kwa nguvu: kuacha kwenda, na kuwa wima. Dereva akiambiwa simama hajiulizi, kwa kuwa amekwisha kukaa na hakuna anayemtaka awe wima garini. Katika mchezo ambao watu wamelala chini, maana zote mbili zinawezekana kila wakati, na ile isiyotakiwa huvunja mifupa.

Waamuzi wa mashindano ya kimataifa hutumia Kireno. Wakianzisha pambano husema "combate," wakilisimamisha husema "parou," na wanapowaona wachezaji wamezubaa husema "lute," yaani piganeni. Kwa amri ya pili tunapendekeza "achia." Tulifikiria pia "acha," ambalo ni fupi zaidi, lakini "acha" humwambia mtu asiendelee kutenda, ilhali anayebana shingo huweza kuona kwamba hatendi kitu, ametulia tu na mikono yake iko pale pale. "Achia" huiambia mikono yenyewe la kufanya. Tena mkazo wake huangukia irabu i, na sauti hiyo hupenya kelele za ukumbi. Neno "simama" libaki na kazi moja tu, ya kuwaamuru watu wawe wima, na mwongozo wowote uandikwao Kiswahili ulieleze jambo hili katika ukurasa wake wa kwanza.

Hapa yafaa tutaje na "kaza," ingawa halimo katika sentensi ya mfasiri. Watazamaji hupenda kulipaza. Aliye juu hulisikia kama shauri la kuzidisha mbano, na aliye chini hulisikia kama himizo la kuvumilia. Wote wawili hutii. Mwalimu mwenye busara atalikataza.

Kosa la pili ni "agonge." Gonga hutaka kitu: mlango, meza, kengele. Mfasiri aliona katika matini ya asili kitenzi chenye maana ya kupigapiga kwa kiganja, akakitafsiri kama kilivyo. Ni kweli kwamba mchezaji anayekubali kushindwa aghalabu humpigapiga mwenzake mwilini kwa kiganja, au huupigapiga mkeka. Lakini mikono yake ikiwa imefungwa hutumia mguu, na mguu nao ukikosa nafasi husema kwa mdomo. Kwa hiyo dhana tunayoitafutia neno ni lile ombi lenyewe, na kupigapiga ni njia mojawapo tu ya kulileta.

Wengine husema "kusalimu amri." Ni usemi mzuri wa Kiswahili, lakini ni wa vita. Jeshi husalimu amri mara moja na kupoteza kila kitu. Mwanafunzi wa jiujitsu hukubali kushindwa mara sita au saba katika jioni moja, akainuka, akampa mwenzake mkono, wakaanza tena. Neno lenye aibu ya vita humfanya mwanafunzi achelewe kulitumia, na kuchelewa kwa nukta mbili ndiko kunakoleta jeraha. Historia ya mchezo huu inao mfano mashuhuri. Mnamo Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio Gracie alipambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo kutoka Japani. Kimura alimshika mkono na kuupindua kwa nyuma; Hélio akakataa kukubali, mkono ukavunjika, na ndugu yake Carlos ndiye aliyetupa taulo kuokoa hali. Wabrazili waliupa mshiko ule jina la mshindi, na hadi leo unaitwa kimura. Ujasiri wa Hélio husifiwa kila ukumbini. Lakini mwalimu yeyote mwenye akili humwambia mwanafunzi asiuige.

Neno tunalolipendekeza liko vinywani mwa watoto wa sehemu nyingi za Tanzania: "poo." Mtoto anayekimbizwa akichoka, au aliyebanwa na mwenzake akiona maumivu yamezidi, huomba poo, na mchezo husimama papo hapo bila ya yeyote kudhihakiwa. Watu wazima wamelichukua neno hilo katika mazungumzo yao, na "kuomba poo" sasa kunasemwa hata katika habari za mpira. Lina sifa zote tunazozihitaji: ni fupi, linaweza kutamkwa na mtu aliyebanwa, lina kanuni ndani yake kwamba anayeombwa hana hiari ila kuachia, na halibebi fedheha. Tukilikubali, tutaweza kuandika bila taabu kwamba tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, Royce Gracie, mwana wa Hélio, aliwashinda watu watatu usiku mmoja, mmoja wao akiwa mpiga ngumi, na wote watatu wakaomba poo. Ni usiku huo ulioutangaza mchezo wa Brazili duniani, kwa kuwa Royce hakuwa mtu wa kimo wala uzito wa kutisha.

Tatu ni "anyongwe." Hapa tuna hoja mbili. Ya kwanza ni dhahiri: kunyonga ni kuua. Katika Kiswahili cha mahakama neno hili limekwisha kupewa kazi yake, na si kazi ya michezo. Hoja ya pili ni ya umbo. "Nyonga" kama nomino ni kiungo kinachounganisha paja na kiuno, na hakuna kiungo kinachotajwa zaidi katika jiujitsu. Mwalimu husema nyonga mara mia kwa saa: sogeza nyonga, inua nyonga, nyonga zako ziko mbali. Mchezo ambao nyonga ni neno lake la kwanza, na kubana shingo ni neno lake la pili, hauwezi kuyaita mambo hayo mawili kwa sauti moja. Tuliijaribu sentensi "nyonga kwa nyonga" mbele ya wanafunzi wanne, tukapata tafsiri nne.

Nyonga tunaiachia nomino. Kwa kitendo cha kubana shingo Kiswahili kina "kaba," na kutokana nalo "kabali," yaani mkao wa mkono unaozunguka shingo na kuibana. Wapo wanaoandika "kabari," lakini kabari ni kipande cha ubao au chuma kinachopachikwa ili kupasulia gogo au kuzuia mlango. Tunapendekeza "kabali" liwe istilahi, na "kupiga kabali" kiwe kitendo chake. Mzee mmoja mwenzetu ofisini alilipinga vikali. Alisema kwamba neno hilo ni la vibaka wa usiku, sawa na "roba" la vijana wa Dar es Salaam na "ngeta" la Nairobi, na kwamba tukiliingiza katika vitabu tutakuwa tumeifundisha mitaa kusoma. Tunaiheshimu hoja yake kwa upande wa "roba" na "ngeta," ambayo bado yananuka uhalifu. Lakini kabali limo kamusini siku nyingi, na mtu wa kawaida akiambiwa "alipigwa kabali" huuona mkono na shingo bila kuelezwa. Istilahi inayoonekana kwa macho ya msikilizaji ni mali. Hatuoni sababu ya kuitupa kwa kuwa mwizi naye aliitumia.

Lakini kabali ziko za namna mbili, na hapa ndipo mswada ule ulipotutisha zaidi. Mahali pengine mfasiri ameandika kwamba anayebanwa "aombe kuachwa mara atakapokosa pumzi." Namna ya kwanza ya kabali hubana koo, njia ya hewa. Hiyo huuma, huleta kikohozi, na huweza kuliumiza koromeo; anayebanwa hana haja ya kuelezwa kwamba mambo yameharibika. Namna ya pili, ambayo ndiyo inayofundishwa zaidi, haigusi koo. Hubana mishipa mikubwa miwili iliyo pande mbili za shingo, inayopeleka damu kwenye ubongo. Ikipigwa sawasawa, mtu huweza kuzimia baada ya sekunde 10 hivi, wakati mwingine bila maumivu ya kumshtua. Muda wote huo anapumua. Basi mwanafunzi aliyesoma kwamba angoje kukosa pumzi, atangoja. Pumzi haitakatika, naye atazimia akiamini kwamba bado ana nafasi. Tunapendekeza "kabali ya koo" kwa ile ya kwanza na "kabali ya mishipa" kwa hii ya pili, na tunawasihi wafasiri wasiandike "kabali" peke yake pale ambapo tofauti hii inahusika.

Limebaki "mlinzi." Kwa Kireno mkao ule wa kulala chali na kumdhibiti mwenzako kwa miguu huitwa "guarda," na Waingereza wamelitafsiri kwa neno ambalo kwao lina maana ya ulinzi na ya mlinzi pia. Mfasiri akachukua maana isiyohusika. Sisi tulipima "ulinzi," "ngome" na "kinga." Ulinzi ni mpana mno. Ngome imekwisha kuchukuliwa na watangazaji wa mpira kwa safu ya walinda goli. Kinga, ingawa lina kazi katika tiba, ni fupi na linakubali kuambatana: kinga iliyofungwa, pale miguu inapokutana mgongoni mwa mpinzani, na kinga ya wazi, pale isipokutana. Vitenzi vyake navyo viangaliwe. Kuifungua kinga ni kuitenganisha miguu ya aliye chini. Kuivuka kinga ni kuyapita mapaja yake na kutulia ubavuni. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu humpa aliyevuka alama 3, na aliyefungua tu hazimpi kitu. Karani wa alama anayesoma "alivunja kinga" hatajua aandike nini.

Yapo maneno mengine ambayo mfasiri hakukosea, bali Kiswahili chenyewe kimemwacha njia panda. Kubwa kati yake ni "mkono." Mkono wetu huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole, na tena ni sehemu ya shati. Mwalimu akisema "mshike mkono," mwanafunzi huweza kushika kiganja, kifundo, kigasha au kitambaa, na kila kimoja kina matokeo yake. Katika maandishi basi tutumie majina ya sehemu: kiganja, kifundo cha mkono, kigasha kwa sehemu iliyo kati ya kifundo na kisugudi, na "mkono wa vazi" kwa kitambaa. Kwa kisugudi wengi watapenda "kiwiko," lakini wako wasemaji ambao kiwiko cha mkono kwao ni kifundo, na kiwiko cha mguu ni pale juu ya wayo. Kisugudi hakina utata huo. Kwa mguu hali ni hiyo hiyo, na muundi, paja, goti, kifundo na wayo vyote tunavyo. Ni uvivu tu unaotufanya tuseme mguu. Ukosi, kwa bahati njema, ni ukosi kila mahali.

Kuhusu mishiko ya viungo tunatoa tahadhari moja. Jina la mshiko lisimfiche msomaji kiungo kinachoumia. Upo mshiko ambao mpinzani hukamata kisigino na kukizungusha. Mswada umeuita "kupinda kisigino," na msomaji atangojea maumivu ya kisigino. Kinachokatika ni mishipa inayoshikilia goti, na maumivu huweza kuja wakati madhara yamekwisha kutokea. Shirikisho la kimataifa limeukataza mshiko huu katika mashindano ya wanaovaa vazi, na tangu 2021 limeuruhusu kwa watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi tu, katika mashindano yasiyo na vazi. Sisi tunapendekeza "kupinda goti kwa kisigino." Ni refu, lakini refu hili lina kazi.

Sasa tuje kwenye mazoezi. Aliyezoea kukimbia asubuhi hudhani kwamba mwili wake uko tayari. Sisi pia tulidhani. Dakika ya pili ya kupimana kwetu kwa mara ya kwanza tulikuwa tumelala kifudifudi tukitafuta hewa. Kupimana ndilo neno tunalolipendekeza kwa zoezi ambalo watu wawili hujaribiana bila kusudi la kuumizana. Wabrazili husema "rolar," yaani kubingirika, lakini kubingirika kwetu ni kwa pipa. Sababu ya kuchoka kwetu haikuwa udhaifu wa misuli. Tulikuwa tukibana pumzi na kushika kila kitu kwa nguvu zote, kama mtu anayezama.

Uzoefu huo ulitufanya tulitazame upya neno "ukakamavu." Ni neno linaloheshimika. Limetoka kwenye gwaride, na nyaraka za serikali hulitumia kwa maana ya mwili ulio imara. Lakini kakamaa ni kuwa mgumu usiopindika, kama ngozi iliyokauka juani, na kwenye mkeka hilo ndilo kosa la kwanza la mwanafunzi. Mwalimu wetu alitwambia kila siku tulegee. Kuuita "mafunzo ya ukakamavu" mchezo ambao jina lake la Kijapani lina maana ya ulaini ni kumpa mwanafunzi shauri baya mlangoni. Kwa hali ya jumla ya mwili ulio tayari kwa kazi tunapendekeza "siha," nalo litofautishwe na "afya": mtu anaweza kuwa na afya, yaani hana ugonjwa, na asiwe na siha ya kupanda ngazi tatu. Kwa uwezo wa viungo kupindika na kurudi, "unyumbufu" linatosha. "Ustahimilivu" tunaona ni wa moyo zaidi kuliko wa mapafu, na kwa kuwa wachezaji wote husema "stamina," tunaliacha lilivyo. "Pumzi" tusilitumie kwa maana hiyo, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu kuhusu kabali.

Vivumishi navyo vigawane kazi. Mazoezi mazito ni ya kuinua vitu. Mazoezi makali ni yale yanayoupandisha moyo mbio kwa muda mfupi. Mazoezi magumu ni yale ambayo ufundi wake hauingii haraka, hata kama hayamtoi mtu jasho. Mswada umeyaita yote "magumu," na mwanafunzi mwenye ugonjwa wa moyo hataweza kujua ni lipi aliepuke.

Zoezi la msingi kuliko yote ni lile la kujisukuma kwa miguu, mtu akiwa amelala ubavu, na kuirudisha nyonga nyuma ili apate nafasi ya kuponyoka. Waingereza huliita kwa jina la kamba wa baharini, kwa jinsi mwili unavyojikunja. Mfasiri akaandika "zoezi la kamba," na kwa kuwa kuruka kamba pia ni zoezi, ukumbi mzima ungeleta kamba. Wabrazili wenyewe husema ni kukimbiza nyonga. Sisi tunapendekeza "kuchopoa nyonga." Mtu aliyewahi kushika samaki aliye hai ataelewa.

Yapo mawili ambayo maofisa hukutana nayo katika barua. Kwa Kireno "professor" ni mwalimu yeyote, hata wa watoto wadogo. Tumeona barua ya kuomba kibali ambamo mkufunzi mgeni ameitwa Profesa, na ofisi iliyoipokea ikamwandalia mapokezi ya chuo kikuu. Aandikwe "Mwalimu." La pili ni "mkanda." Katika ndondi mkanda hunyakuliwa na huweza kupotezwa. Katika jiujitsu mkanda ni daraja, kuanzia mweupe, buluu, zambarau, kahawia hadi mweusi, na mwanafunzi hutunukiwa na mwalimu wake; hakuna ampokonyaye kwa kumshinda. Basi tuseme "kutunukiwa mkanda," na "kuwania mkanda" tuwaachie wapiga ngumi.

Liko neno moja ambalo hatujalipata. Aliye chini akiwa katika kinga, akampindua aliye juu na kumkalia yeye, hupewa alama 2. Wabrazili hukiita kitendo hicho kwa neno linalotokana na kukwangua. "Mtama" na "ngwala" tunayo, lakini hayo ni ya kumkata mguu mtu aliyesimama. Kitenzi "pindua" kinafaa, ila nomino yake iliyozoeleka ni "mapinduzi," na karani mmoja aliyetusaidia kujaribu jedwali la alama aliandika "mapinduzi mawili, alama nne," karatasi ikazunguka ofisi nzima. Kwa sasa tunaandika "pinduo," nalo halijatuingia masikioni. Wasomaji waliocheza mieleka mchangani utotoni, hasa wale wa visiwani na wa mwambao wa kaskazini, tunawaomba watuletee neno walilolitumia pale aliyekuwa chini alipomgeuza aliyekuwa juu, pamoja na jina la mahali walipolisikia.